Mkebe wa Spea Kati ya Baba na Kukhu

Mwezi uliopita mita ya stima nyumbani kwangu iliungua. Moto sikuuona. Nilisikia harufu tu, ile ya mpira wa waya unaoyeyuka, na badala ya kukimbia nje kama mtu mwenye akili zake, nilisimama katikati ya sebule nikitabasamu peke yangu. Mjukuu wangu akanishika mkono. "Shosho, tunakaribia kuungua na wewe unacheka?" Ananiita Shosho kama watoto wote wa Ruiru, na sijawahi kumkataza. Lakini mimi nilikuwa na Kukhu. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu magharibi, na Kukhu ninayemkumbuka ni mama wa mama yangu. Harufu ile ni yake, yake na ya Baba, na ya gari moja dogo ambalo wengi wenu mngelicheka.

Wakati huo tulikaa katika laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa, nje kidogo ya Ruiru. Baba alikuwa fundi wa shamba. Mashine ya kukoboa kahawa ilikuwa yake, pampu ya mtoni yake, lori lake, na chochote kingine kilichokuwa na nati. Bwana mwenye shamba alikuwa na gari la mbio, la wazi, la viti viwili, limezeeka hata kwa siku hizo. Likiona wingu tu linazima. Bwana akachoka nalo, akalisukumia kwenye banda la mbolea, na siku moja akamwambia Baba kwamba akiweza kuliwasha basi ni lake. Baba aliliwasha. Lilitoka bandani likirukaruka na kupiga chafya, watu wa laini wakaliita Kiroboto, na kuanzia hapo Baba hakutembea tena kama watu wengine wanavyotembea.

Lakini Baba hakuwa mjinga. "Injini hii itaishi kuliko mimi," alikuwa akisema, "ila stima yake ni ya kubembeleza." Kwa hiyo hakuondoka bila mkebe wa spea. Ulikuwa mkebe wa biskuti, juu umechorwa mwanamke mwenye kofia, ila rangi ilikuwa imebanduka hadi akabaki kofia na mkono mmoja. Ndani mlikuwa na plagi, fyuzi, balbu, pointi, kondensa, koili moja nzito kama jiwe la kusagia pilipili, tepu nyeusi, vipande vya waya, na roto. Roto ni kale kadude keusi kanakozunguka na kugawa moto kwa plagi moja moja. Kila kitu kilifungwa kwa karatasi ya gazeti. Kazi yangu ilikuwa kuubeba mkebe huo mapajani, kwa sababu chini ya miguu maji yaliingia, na kwenye buti lilikaa gurudumu. "Fundi, plagi," Baba angesema mkono wake ukiwa umenyooshwa nyuma, na mimi ningempa plagi. Aliniita Fundi. Nilikuwa sijang'oa meno yote ya utoto na tayari nilikuwa na cheo.

Siku moja alinifundisha jambo ambalo ndilo lililozaa mambo haya yote. Aliweka betri chini, akachukua nyaya mbili zilizotoka kwake, moja huku na moja kule, akazigusanisha ncha. Zikatoa cheche, pwa! Moshi ukatoka, waya ukawa mwekundu, na ile harufu ikajaa banda. "Umeona? Hizi mbili ni lazima ziwe pamoja, bila moja nyingine haina kazi. Lakini zenyewe hazigusani. Ndiyo maana kuna mpira katikati. Mpira ukiisha, gari linaungua." Nilitikisa kichwa. Niliota nyaya hizo wiki nzima.

Sasa, wale wa kwetu mnaelewa habari ya mkwe. Wengine niwaeleze kidogo. Mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulituma kwa mtu wa tatu. Tulipokwenda nyumbani Krismasi, Kukhu akitokea njia hii Baba alikuwa anapotelea kwenye migomba, mtu mzima mwenye kofia, kama mwizi wa kuku. Kukhu naye akisikia kikohozi cha Baba alikimbilia nyuma ya ghala. Mimi nilikuwa natazama tu. Nikamuuliza Mama: "Kwani walipigana?" Mama akacheka. "Hawa hawagusani, mwanangu." "Na wakigusana?" Mama akaacha kucheka, akasema, "Weh! Usitaje hiyo kitu."

Basi kichwa changu kikaunganisha. Baba waya huu, Kukhu waya ule. Wakigusana, kitu kitaungua. Hakuna aliyeniambia hivyo, na hakuna aliyejua kwamba ninaamini hivyo.

Mvua za masika zilipoanza, Mama alipelekwa hospitali Thika kujifungua. Mtoto alizaliwa mzima, mvulana. Mama ndiye aliyebaki vibaya. Alipoteza damu, homa ikamkamata, na akakataa kula. Baba alirudi kutoka kumwona akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Nilimsikia akimwambia jirani yetu, Mama Njoki, "Amegeukia ukuta. Hataki uji, hataki kitu. Anasema anataka mama yake." Mama Njoki akajishika kifua, akamwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai!", kwa sauti ya chini, akaniangalia mimi kwa jicho ambalo sikulipenda. Mtu wa reli akapeleka ujumbe magharibi, tukaanza kungoja.

Kukhu alishuka kwenye stesheni ya Ruiru akiwa na mwavuli mweusi, kitambaa cha kichwa chenye maua ya manjano, na furushi la unga wa wimbi kwa uji wa mzazi. Mama Njoki na mimi tulikwenda kumpokea. Baba alibaki nyuma ya duka, ili asikutane naye. Kukhu hakutaka chai, hakutaka kunawa uso. "Yuko wapi mtoto wangu? Nipelekeni."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Lori la shamba lilikuwa limepeleka kahawa Nairobi. Basi la mchana lilikuwa limepita. Na hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Jua likizama Thika ilifungwa, kizuizi kinashushwa barabarani na hakuna anayepita, awe na mgonjwa au maiti. Kilichobaki kilikuwa Kiroboto. Viti viwili.

Baba alisimama upande wa pili wa gari, mgongo kwetu, kofia mkononi, akaniambia, "Mwambie Kukhu nasikia aibu sana, lakini hakuna gari lingine." Nikamwambia. Kukhu alilitazama gari. Alitazama vile viti viwili vilivyobanana. Akaketi juu ya furushi lake pale chini kwenye kokoto za stesheni, akasema atatembea.

"Utembee hadi Thika?" Mama Njoki akawaka. "Sisi Wakikuyu pia tuna aibu ya wakwe, mama, usidhani ni yenu peke yenu. Lakini mgonjwa anangoja na nyinyi mnapimana aibu? Ingia gari! Ngai fafa, ingia!"

Kukhu akafikiri. Halafu akanielekezea kidole. "Huyu akae katikati. Na hiyo mkebe yake." Akafungua mwavuli, akaulaza ubavuni kama ukuta, yeye huku, Baba kule, na mimi katikati, miguu huku na huku ya gia, mkebe mapajani, mwavuli ukinikwaruza sikio. Kukhu aligeuza uso upande wa kushoto kutazama kahawa. Baba alitazama mbele, shingo imekauka. Mimi ndiye niliyekuwa mpira.

"Mwambie Kukhu akae sawa, tunaondoka," Baba akasema.

"Kukhu, anasema ukae sawa, tunaondoka."

"Mwambie nimekaa."

"Baba, anasema amekaa."

Tukaondoka. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, nafasi kati yao haikutosha hata mbuzi, lakini kila neno lilipitia kwangu, na mimi nililipeleka kwa makini maana nilidhani likipita moja kwa moja tutaungua wote watatu.

Mwavuli haukufika mbali. Tulipoanza kushika mwendo, pale panapoitwa Kimbo siku hizi na wakati ule palikuwa na majani tu, upepo uliuingia, ukaubinua, ukaupokonya mkononi mwa Kukhu. Niligeuka nikauona ukirukaruka barabarani nyuma yetu. "Mwambie baba yako asisimame," Kukhu akasema haraka. "Mwavuli nitanunua. Mtoto sitanunua." Nikajinyoosha nikawa mrefu kadiri nilivyoweza. Nikainua mkebe hadi kidevuni.

Kabla ya Juja honi ikaanza kulia yenyewe. Sikumbuki jambo lililowahi kuniaibisha kama lile. Kiroboto kilipiga kelele bila kupumua, wanawake waliokuwa wakilima wakasimama na majembe kututazama, mbwa wakatufuata. Baba alisimamisha gari, akaingiza mkono chini ya usukani, akatoa nyaya mbili zilizochubuka. "Si umeona, Fundi? Zimegusana. Tepu." Nikampa tepu. Nyaya mbili, ukubwa wa kamba ya kiatu, zimegusana kidogo tu na kelele zote zile. Je, watu wazima wawili?

Kukhu akaniuliza, uso bado kwenye kahawa: "Muulize baba yako kama tutafika."

"Baba, tutafika?"

Baba alikuwa akifunga tepu, na niliona taya lake linavyocheza. "Mwambie tutafika," akasema. "Mwambie nimembeba mama ya mke wangu, siwezi kushindwa."

Kukhu akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

Bonde la Ndarugu tulilikuta limefurika. Mvua ilikuwa imenyesha juu, sisi hatukuwa na tone, lakini maji mekundu yalikuwa yakikatiza barabara kabla ya daraja. Baba alijaribu kupita polepole. Katikati Kiroboto kikakohoa, kikatetemeka, kikanyamaza. Kimya kikawa kikubwa, tukasikia maji tu yakigonga mlango. Baba akavua viatu akaingia majini, maji yakamfika mapajani. "Fundi, shika usukani. Nyoosha tu, usigeuze." Akaenda nyuma kusukuma. Mimi nikaushika usukani na Kukhu akauchukua mkebe, akauinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili kama mtungi, na akakaa hivyo maji yakiingia miguuni na kulowesha furushi lake lote. Akaanza kumwomba Mungu kwa sauti. "Nyasaye, sukuma na huyu kijana. Sukuma naye." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwombea Baba, na alimwita kijana.

Tulitoka upande wa pili. Baba alikuwa ametapakaa matope hadi kwenye nyusi. Akafungua boneti, akatoa kile kifuniko kinachokaa juu ya roto, akakigeuza, maji yakamwagika. Klipu yake moja ilikuwa imekatika. Roto yenyewe ilikuwa na ufa. "Roto." Nikampa roto mpya kwenye karatasi yake. Akaipachika. Kisha akatafuta kitu cha kufutia yale maji ndani ya kifuniko, maana pakibaki unyevu moto hauendi mahali pake. Akashika shati lake, linatiririka. Gauni langu, limelowa. Furushi la Kukhu, limekuwa uji tayari. Akafungua mkebe akafukua. Mkebe ulikuwa na kila kitu duniani isipokuwa kitambaa kikavu; hata yale magazeti yalikuwa yamelowa grisi.

Jua lilikuwa limeshaegemea mkonge. Baba alisimama akitazama barabara ya Thika, halafu akalitazama jua, na nikamwona Baba yangu, ambaye mashine zote za shamba zilimtii, anauma mdomo kama mtoto. Nilijua maana yake. Kizuizi kikishushwa kabla hatujafika, Kukhu atalala barabarani, na Mama atabaki amegeukia ukuta. Nikaanza kulia.

"Muulize anatafuta nini," Kukhu akasema.

"Anatafuta kitambaa kikavu, Kukhu."

Akashuka garini. Akasimama kidogo, akatazama mkonge, akatazama mbingu. Kisha akainua mikono nyuma ya kichwa akafungua kile kitambaa cha maua ya manjano. Baba aliona mkono wake ukienda huko akageuka haraka, akatupa mgongo. Kwetu mkwe haoni kichwa cha mama mkwe kikiwa wazi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukiona. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, fupi, na ghafla alionekana mdogo, bibi mmoja tu aliyechoka na safari. Akaweka kitambaa juu ya mkebe. "Mpe. Mwambie ni kikavu."

Baba alikipokea bila kugeuka. Alifuta kifuniko kwa kile kitambaa taratibu sana, shimo moja baada ya jingine, namna mtu anavyofuta uso wa mtoto. Nilimsikia akivuta kamasi.

Betri ilikuwa imelowa, haiwezi kuzungusha injini, kwa hiyo ilibidi hendeli. Na kifuniko, kwa vile klipu moja imekatika, kilihitaji mtu wa kukibonyeza mpaka injini iwake. Mkono wangu haukufika. Nilipanda juu ya bampa, haukufika. Baba akashika hendeli mbele ya gari, akainamisha kichwa asimwone Kukhu, akasema, "Mwambie Kukhu abonyeze kile kifuniko. Lakini mwambie asiguse zile waya."

"Kukhu, anasema ubonyeze kile kifuniko," nikasema, na kabla sijavuta pumzi ya kusema yaliyobaki Baba alikuwa ameshazungusha.

"Wuuuwi!" Kukhu akaruka. Stima ilikuwa imemrusha. Mguu wake ukateleza kwenye matope, akaanza kuanguka mbele ya gari, na Baba akaitupa hendeli, akamdaka. Kwa mikono yote miwili. Akamshika hapa mabegani, kichwa chake cheupe kikagonga kifua cha Baba.

Nilifumba macho. Nilingoja cheche. Nilingoja ile harufu. Nikaanza kupiga kelele, "Msigusane! Msigusane! Mama atakufa!" Nikaruka kutoka kwenye bampa, nikajipenyeza katikati yao nikipanua mikono, macho bado yamefumbwa.

Kitu kilikuwa kinanguruma. Nikafumbua jicho moja. Kiroboto kilikuwa kimewaka, kinatetemeka vizuri, kinatoa moshi wa bluu nyuma, kifuniko kimeshikwa na ile klipu moja iliyobaki. Baba alikuwa amemwachia Kukhu na kurudi nyuma hatua nyingi, ametazama upande wa mto. Kukhu alikuwa ametazama upande wa mkonge. Wote wawili walikuwa wanahema.

"Kwa nini unasema Mama atakufa?" Kukhu akaniuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia kwa kwikwi, habari za betri, habari za waya huu na waya ule, na mpira, na kwamba mimi ndiye mpira na nimeshindwa kazi. Halafu nikaona mabega ya Baba yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akajizuia, akashindwa. Na Kukhu naye, kichwa wazi, miguu ndani ya matope, akaanza. Alicheka mpaka akashika goti.

"Mwambie baba yako," akasema, "kwamba amefundisha mtoto aniite waya."

"Mwambie Kukhu anisamehe," Baba akasema huku akijifuta macho, "mwambie sikujua."

Kukhu akainama, akanishika kidevu. "Mwana wanje, mwanangu, nisikie. Simchukii baba yako. Watu ninaowachukia nawatazama usoni, tena vizuri. Huyu namheshimu, ndiyo maana simtazami. Aliniondolea binti akampeleka mbali, lakini sijawahi kusikia binti yangu akilia kwa ajili yake. Umeelewa?" Sikuelewa, lakini niliitikia kwa kichwa. Alilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na Baba alikuwa karibu, na injini haikuwa na kelele nyingi hivyo.

Baba akafunga kifuniko kwa kipande cha waya kutoka mkebeni. Tukaingia. "Mwambie Kukhu akae sawa, tunaondoka." "Mwambie nimekaa."

Kizuizini Thika askari alikuwa ameshashika kamba kukishusha. Akataka mkebe ufunguliwe. Alipoona nyaya na vyuma alikunja uso, na siku hizo kitu kama hicho kingeweza kukulaza ndani. Baba alianza kueleza kwa upole, hii fyuzi, hii kondensa. Kukhu hakuwa na upole. Alisimama ndani ya gari, nywele zake nyeupe zote nje, akamwambia askari yule kwa Kiswahili chake cha magharibi: "Wewe! Wewe una mama? Mtoto yangu iko hospitali! Kama unataka chuma, chukua chuma, mimi wacha nipite!" Askari alimtazama bibi yule, akanitazama na uso wangu wa makamasi, akafunga mkebe mwenyewe kwa uangalifu. "Pita, mama. Pita haraka."

Hospitalini walimruhusu Kukhu peke yake. Mama aligundua vipi kwamba mama yake amefika sijui, labda ni mguu wake kwenye sakafu, lakini tulisikia sauti yake kutoka ndani, akiita kama mtoto mdogo. Baba na mimi tulikaa nje kwenye ngazi, mkebe kati yetu. Baba alishika kile kitambaa cha manjano, ambacho sasa kilikuwa na grisi, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Unga wa wimbi ulikuwa umeharibika, lakini Kukhu aliwapata wanawake jikoni, akajua la kuwaambia. Taa zilipoanza kuwashwa akatokea dirishani juu yetu, amejifunga shuka la hospitali kichwani, mkononi amebeba kitu kidogo kilichofungwa.

"Mwana wanje," akaita, "mwambie baba yako kwamba mama yako amekunywa uji. Kikombe kizima. Mwambie na huyu mtoto hapa ana masikio kama yake."

Sikuhitaji kumwambia. Baba alikuwa ameshaweka uso juu ya mkebe, juu ya yule mwanamke aliyebaki kofia na mkono mmoja, na analia kwa sauti. Nilimpigapiga mgongo. Niliona ni sehemu ya kazi yangu.

Mama alipona. Kukhu alikaa nasi mpaka mtoto akaanza kushika shingo, Baba akalala kwa jirani muda wote huo, maana nyumba moja na mkwe haiwezekani. Na kwa sababu walikuwa wamegusana, ilibidi kusafisha jambo. Baba alitoa jogoo na kitambaa kipya cha kichwa. Kukhu alikubali vyote. Nilipompelekea na kile cha zamani, kimefuliwa na grisi imebaki madoa, alikirudisha. "Mwambie akiweke kwa mkebe. Kilichokosekana huko ni hicho." Basi maua ya manjano yakawa spea, yakafungia roto, na kila nilipofungua mkebe ule yalikuwa ya kwanza kuonekana.

Watu waliwaambia baadaye kwamba kuna sherehe ya kuondoa ile aibu, kwamba mkwe akitoa mbuzi na mengine wanaweza kusalimiana kwa mkono kama watu wote. Wengine walifanya. Hawa wawili hawakufanya. Waliendelea kuzungukana migombani hadi uzeeni, kila mmoja akikohoa kabla ya kona ili mwenzake apate nafasi ya kutoroka, na kutumiana habari kupitia mimi: mwambie ale dawa zake, mwambie viatu vile vimemkaa vizuri. Sijaona watu wawili waliopendana kwa bidii kama hiyo bila kutazamana.

Kukhu alipofariki nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Siku ya mazishi Baba alisimama mbali, nje ya ua, upande wa migomba, kama mkwe anavyotakiwa. Watu walipoanza kushika majembe aliniita kwa mkono. Nikaenda. Alikuwa na kofia kifuani, na alikuwa ameugeuzia mgongo ule upande wa kaburi.

"Mwambie Kukhu akae sawa," akasema. "Tunaondoka."

Nilirudi nikapita katikati ya watu, nikapiga magoti kwenye ule udongo mbichi, nikamwambia Kukhu. Nilikaa pale kidogo, kama nilivyozoea, kungoja jibu la kurudisha. Kisha nikatembea tena hadi kwenye migomba. Baba alikuwa bado ananingoja, ametega sikio.

"Anasema amekaa," nikamwambia.